Kura Tatu za Mwaka 1958

Sharti lilikuwa moja, na halikuwa na mlango wa nyuma: kila mpiga kura wa Tanganyika achague watu watatu. Mwafrika mmoja, Muasia mmoja, Mzungu mmoja. Ukimchagua Mwafrika wako ukaridhika, ukatumbukiza karatasi na kwenda zako, kura imeharibika, na hata huyo uliyemchagua haimfikii. Tena watatu hao hawakuwa wa mtaa wala wa wilaya, walikuwa wa jimbo zima. Hapa kwetu Jimbo la Mashariki maana yake ilikuwa Morogoro, Kilosa, Mahenge, Rufiji na Bagamoyo kwa pamoja. Mluguru wa mlimani na mvuvi wa Bagamoyo walipigia kura majina yaleyale.

Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na somo hili la kura tatu ndilo lililokuwa likiniamshia darasa kila mwaka. Mwanafunzi wa nyuma kabisa, ambaye kwa Vita vya Majimaji alikuwa anasinzia, ananyoosha mkono: “Mwalimu, sasa Mwafrika analazimishwaje kumpigia kura Mzungu?” Vitabu vya shule hujibu kwa mstari mmoja kwamba ulikuwa uchaguzi wa kibaguzi, kisha vinakimbilia Uhuru. Ubaguzi ulikuwapo, hilo halina ubishi. Lakini anayeishia hapo hataelewa kwa nini mpango ule ndio ulioangusha chama walichokibeba walioubuni.

Baba yangu alikuwa karani wa reli, stesheni ya Morogoro, na alipiga kura hizo tatu. Kilichomruhusu hakikuwa elimu, maana shule aliishia darasa la sita. Aliruhusiwa kwa mshahara. Sheria ilitaka mpiga kura awe na umri wa miaka 21 na zaidi, kisha awe na mojawapo ya mambo matatu: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa na serikali. Pauni 150 ni shilingi 3,000, yaani 250 kwa mwezi, na baba alizipita hizo kidogo tu. Mama, aliyekuwa na kadi ya chama cha TANU kabla ya baba, hakupiga. Mjomba aliyekuwa akizunguka mtaa wa Kichangani kukusanya ada za chama, jua na mvua, hakupiga pia. Siku ya uchaguzi mjomba alisimama mbali na kituo, akihesabu nani kaingia na nani katoka. Baba alipenda kusema kwamba kura yake ilikuwa na watu sita ndani yake, akianza kwa kumtaja mama.

Mpango ulitoka wapi? Gavana Edward Twining, aliyeingia mwaka 1949, aliiona Tanganyika kama nchi ya mataifa matatu yanayopaswa kugawana madaraka sawasawa. Sawasawa hiyo ilikuwa ya ajabu. Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8, Waasia pamoja na Waarabu kama laki moja, na Wazungu kama 20,000. Hata hivyo, mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipopanuliwa, upande usio wa serikali ulipewa viti 30, kumi kwa kila kundi. Wote waliteuliwa na Gavana. Kilichobaki ilikuwa kutafuta namna ya kuwachagua bila kuuvuruga mgawo huo.

Kazi hiyo alikuwa ameshapewa Profesa W. J. M. Mackenzie wa Chuo Kikuu cha Manchester, aliyetoa ripoti yake mwaka 1953. Mackenzie hakuwa mjinga, na nawaomba wasomaji wasimcheke haraka. Kenya jirani, Wazungu walichagua Wazungu wao, Wahindi Wahindi wao, kila kundi katika daftari lake. Mackenzie aliona hatari yake: mgombea anayetafuta kura za watu wa rangi yake peke yake hupanda jukwaani kuwatukana wengine, na anayetukana zaidi ndiye anayeshinda. Akapendekeza daftari moja la wote, majimbo makubwa yenye viti vitatu vitatu, na kila mpiga kura atumie kura zake zote. Kwa hesabu yake, Mzungu anayetaka kiti angelazimika kuomba kura kwa Waafrika na Wahindi, na Mwafrika kadhalika. Wakali wangepunguzwa makali na watu wa wastani wangepita.

Juu ya karatasi, hoja inasimama. Serikali ya Twining iliipenda pia kwa sababu ambayo haikuandikwa kwenye ripoti. Mwaka 1956 kilizaliwa chama cha United Tanganyika Party, UTP, kwa baraka za Gavana, kikiongozwa na Ivor Bayldon na kikihubiri ushirikiano wa mataifa. Chama cha rangi zote tatu katika uchaguzi wa rangi zote tatu! TANU, kwa upande mwingine, kilikuwa chama cha Waafrika peke yao. Mhindi au Mzungu hakupewa kadi. Kama kila karatasi inataka majina matatu, TANU ingewezaje kujaza hata mawili ya mwisho? Aliyekuwa akipiga hesabu hizo Ikulu bila shaka alilala usingizi mzuri.

TANU nayo iliona mtego. Mkutano mkuu wa chama ulifanyika Tabora kuanzia tarehe 21 Januari 1958, na wajumbe wengi walifika wakiwa wamekwisha kata shauri: tususie. Walikuwa na haki. Chama kilikuwa kinadai kura kwa kila mtu mzima, nacho kinaletewa kura ya wenye shilingi 3,000. Kilikuwa kinakataa nchi kugawanywa mafungu matatu, nacho kinaambiwa kiyatie muhuri mafungu hayo kwa mkono wake mwenyewe. Isitoshe, Nyerere mwenyewe, kiongozi wa chama, alikuwa amejiuzulu Baraza la Kutunga Sheria mwezi mmoja tu nyuma, Desemba 1957, kwa kuona serikali haikubali lolote. Sasa anasimama Tabora, mji aliosomea na kufundishia, akiwaomba wenzake waingie katika uchaguzi wa Baraza hilohilo.

Hoja yake ilikuwa ya hesabu zaidi kuliko ya moyo. Tukisusia, uchaguzi utafanyika tu. Viti vya Waafrika vitachukuliwa na watu wa UTP, ambao wataitwa wawakilishi halali wa Waafrika, na kanuni za uchaguzi utakaofuata watazitunga wao. Tukiingia, kura tatu zinakuwa mali yetu. Katika majimbo mengi Waafrika wenye sifa ya kupiga kura, wachache kama walivyokuwa, bado walikuwa wengi kuliko Waasia na Wazungu wenye sifa hiyo. Basi anayewapanga Waafrika hao hamchagui Mwafrika peke yake. Anamchagua Mhindi, na anamchagua Mzungu.

Mjadala ulichukua siku kadhaa, na haukwisha kwa makofi ya wote. Zuberi Mtemvu, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa wa TANU, aliona chama kimeuza msimamo wake. Akatoka, akaanzisha chama cha African National Congress chenye msimamo kwamba nchi ni ya Waafrika na kura iwe ya Waafrika. Historia yetu imemtendea Mtemvu ukali. Hutajwa kama mtu aliyekosea treni, ilhali alichokuwa akisema, kwamba ubaguzi haukubaliki hata pale unapokuletea faida, ni hoja ambayo darasani kwangu ilipata watetezi kila mwaka, tena wanafunzi wenye akili. Siasa ilimkataa. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, alipata kura kama 21,000 dhidi ya zaidi ya milioni 1.1 za Nyerere. Uamuzi wa Tabora ndio ulioitwa Uamuzi wa Busara, na jina hilo limeganda mpaka leo.

Baada ya Tabora kazi ikawa ya miguu. Kwanza watu waandikishwe, na hapa serikali haikuhangaika sana kuwatafuta. Matawi ya TANU yaliwatafuta. Baba alisimulia jinsi mjomba alivyopita stesheni, karakana, shule na maduka akiuliza maswali mawili tu: umesoma mpaka la ngapi, na unalipwa ngapi? Walimu walikuwa na la nane. Makarani walikuwa na mshahara. Wengine walikuwa na sifa na hawajui, na wengine walijua wakaogopa, maana mtumishi wa serikali akionekana karibu na TANU alikuwa anaitafutia kazi yake matatizo. Mwishowe nchi nzima iliandikisha watu kama 59,000. Wakati huo TANU ilikuwa ikihesabu wanachama zaidi ya laki moja, kwa hiyo wengi wa wanachama wake walikuwa watazamaji kama mjomba.

Kisha wapatikane Wahindi na Wazungu wa kuungwa mkono. Asian Association ilikuwa tayari kushirikiana na TANU, na kwa upande huo majina hayakukosekana: Amir Jamal, ambaye baadaye tungemjua kama waziri wa miaka mingi, Sophia Mustafa wa Arusha, aliyesimama Jimbo la Kaskazini na baadaye akaandika kitabu kuhusu miaka ile, *The Tanganyika Way*, na Dar es Salaam wakili K. L. Jhaveri. Wazungu walikuwa kazi zaidi. Hata hivyo walipatikana, na waliopatikana hawakuwa watu wa kawaida. Derek Bryceson alikuwa mkulima aliyewahi kuwa rubani vitani. Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyeolewa na lodi wa Kiingereza, alikuwa mlowezi wa Nyanda za Juu Kusini. Barbro Johansson alikuwa mwalimu Mswidi aliyekuwa akifundisha wasichana huko Bukoba. Hawa hawakuwa na kadi za TANU, na wasingeweza kuwa nazo hata wangetaka. Walisimama kama watu binafsi, na tawi la chama likapitisha neno nyumba kwa nyumba: wetu ni fulani, fulani na fulani.

Neno hilo ndilo uchaguzi wenyewe. Katika jimbo dogo, mpiga kura anamjua mgombea: anajua ng'ombe wake, deni lake, na jinsi anavyoongea na mama mkwe. Katika jimbo la kutoka Uluguru mpaka delta ya Rufiji hamjui. Anasikia jina. Na yule anayempelekea jina hilo mlangoni, kwa mdomo anaouamini, ndiye mwenye kura. UTP ilikuwa na fedha, magari na urafiki wa maofisa, lakini haikuwa na mtu kama mjomba Kichangani.

Kuna jambo dogo ambalo vitabu vya shule haviliweki pamoja na uchaguzi huu, nami sijui kwa nini. Wiki chache kabla ya kupiga kura, Nyerere alikuwa kizimbani Dar es Salaam kwa makala ya gazeti la *Sauti ya TANU* iliyowashutumu maofisa wawili wa wilaya. Wakili D. N. Pritt alisafiri kutoka Uingereza kumtetea. Nyerere alitiwa hatiani, akapewa chaguo: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Shilingi 3,000, ndicho kiasi kilekile ambacho mtu alitakiwa kukipata kwa mwaka mzima ndipo ahesabiwe kuwa anafaa kupiga kura. Alilipa. Gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa ameingia mwezi Julai, na ninaamini kwamba jela ingemletea matatizo makubwa zaidi yeye kuliko Nyerere.

Majimbo matano yalipiga kura Septemba 1958, na matano Februari 1959. Jimbo la Mashariki lilikuwa la mkupuo wa kwanza. Nyerere alisimama dhidi ya Patrick Kunambi, na Kunambi hakuwa mgombea wa kubeza. Waluguru walimjua na kumheshimu, na hapa mlimani si wachache waliovutwa huku na huku. Nyerere alimshinda kwa zaidi ya kura tatu kwa moja. Nyanda za Juu Kusini, Bayldon mwenyewe, kiongozi wa UTP, alishindwa na Lady Chesham. Fikiri kidogo juu ya tokeo hilo. Mzungu alimwangusha Mzungu kwa kiti cha Wazungu, na walioamua walikuwa Waafrika. Kila mahali walioungwa mkono na TANU walitamba, na ilipofika Februari UTP ilikuwa imekwisha kufa, kiasi kwamba wagombea wengi walipita bila kupingwa. Rashidi Kawawa aliingia kwa Dar es Salaam, Paul Bomani kwa Kanda ya Ziwa.

Nimekaa muda mrefu na swali la kwa nini mpango uligeuka kiasi hicho, na jibu langu halihusu Tanganyika peke yake. Popote watu wa eneo zima wanapochagua viti vyote kwa pamoja, kundi lenye kura nyingi na lililopangika linabeba viti vyote, si sehemu yake. Asilimia 60 haileti asilimia 60 ya viti, inaleta vyote. Wamarekani weusi wanalijua hilo kwa uchungu. Mji wa Mobile, Alabama, tangu 1911 ulichagua makamishna wake watatu kwa kura ya mji mzima. Weusi walikuwa kama theluthi ya wakazi, na mpaka kesi yao ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1980, hakuna mweusi hata mmoja aliyekuwa amewahi kuchaguliwa. Walipigania majimbo madogo ili mitaa yao iwe na sauti. Chombo ni kilekile cha Mackenzie. Kule kilikuwa mikononi mwa Wazungu wengi, kikawafungia weusi nje. Huku, waliokishika ni Waafrika, na sharti la rangi lililowekwa kuwabana ndilo lililowapa funguo za vyumba vyote vitatu.

Kenya wakoloni walikuwa waangalifu zaidi. Mwaka huohuo wa 1958, chini ya katiba ya Lennox-Boyd, ilitafutwa pia namna ya kupata wajumbe wa nchi nzima wasiofungwa na jimbo: viti 12 maalumu, vinne kwa kila rangi. Ila hawakuchaguliwa na wananchi. Walichaguliwa na wajumbe wa Baraza wenyewe, ambamo Wazungu walikuwa na nguvu. Tom Mboya na wenzake walikataa kata kata, wakawaita Waafrika waliogombea vibaraka na Wazungu weusi, na kwa maneno hayo wakashtakiwa na kutozwa faini. Wajumbe wa namna hiyo walikaa barazani bila mtu wa kuwaambia “nilikuchagua”. Mboya alikuwa sahihi kususia, na Nyerere alikuwa sahihi kuingia, kwa sababu maswali waliyoulizwa hayakuwa mamoja: Tanganyika kura ilikuwa kwa watu, Kenya ilikuwa chumbani.

Matokeo yalikuja haraka. Wajumbe waliochaguliwa waliunda umoja wao chini ya Nyerere, rangi zote tatu, na Julai 1959 watano kati yao wakawa mawaziri: Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama, Jamal na Bryceson. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Ramage ikapendekeza kura tatu za lazima zifutwe. Agosti 1960 nchi ilipiga kura kwa utaratibu mpya: viti 71, 50 vikiwa wazi kwa yeyote, 11 vimetengewa Waasia na 10 Wazungu. Walioandikishwa sasa walikuwa karibu 885,000. Mama aliandikishwa, na mjomba pia. Lakini hapa ndipo ninapopata shida kushangilia: kati ya viti hivyo 71, 58 vilipita bila kupingwa. TANU ilipata 70. Kimoja, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwana TANU aliyesimama peke yake baada ya chama kumpendelea mwingine.

Watu wengi walioandikishwa kwa mara ya kwanza mwaka ule, baada ya miaka yote ya kudai kura, hawakuwa na mtu wa kumpigia. Hatua chache mbele, 1965, tukawa nchi ya chama kimoja kisheria. Sisemi kura tatu ndizo zilizotufikisha huko. Sababu ni nyingi na nyingine ni kubwa kuliko kanuni ya uchaguzi. Ninachosema ni kwamba uchaguzi wa kwanza hufundisha, na ule ulifundisha chama kwamba kazi ya mpiga kura ni kupokea majina yaliyokubaliwa na kuyapitisha yote kwa pamoja. Somo hilo lilikuwa na manufaa makubwa mwaka 1958. Tuliendelea kulitumia baada ya mkoloni kuondoka.

Mjadala wenyewe haujafa. Kenya, kwa katiba ya 2010, ina wanawake 47 wanaochaguliwa na kaunti nzima juu ya wabunge 290 wa maeneo, na malalamiko ni yaleyale: eneo ni kubwa, mpiga kura hamjui mgombea, anafuata upepo wa chama. Sisi Tanzania viti maalumu vinajazwa kwa orodha za vyama kulingana na kura vilizopata, kwa hiyo mwananchi hagusi jina lolote. Kwa maoni yangu utaratibu wa Kenya ni bora kuliko wetu, pamoja na kasoro zake, kwa sababu mwenye kiti anaweza kuangushwa na wale anaodai kuwawakilisha. Bayldon aliangushwa hivyo.

Ndugu msomaji, aliyepiga kura tatu akiwa na miaka 21 leo amekwisha kupita 85, na wamebaki wachache. Vitabu vimehifadhi majina ya walioshinda, lakini havikuhifadhi aliyepita mlango kwa mlango akiuliza umesoma mpaka la ngapi, wala mwanamke aliyekuwa na kadi na hakuwa na kura. Kama katika ukoo wenu yupo mmoja, usingoje sikukuu. Nenda na daftari, muulize jina la pili na la tatu alilipewa na nani.